Fri Haikuwa Fri: Kisa cha Peugeot 504 Tuliyoivuta kwa Kamba Kutoka Malindi

Hii stori ya 504 ya ami nimeulizwa mara nyingi na kila mara naieleza nusu nusu, manake kuna mahali pananitia aibu. Leo naitoa yote, na hesabu zake, na nani alikosea wapi, na mengi ni yangu.

Gari ni Peugeot 504 saluni ya mwaka 1978, giaboksi manuali ya gia nne, zile zilizokuwa zikiunganishwa hapo Mombasa. Ami aliinunua ikiwa bado changa na alikuwa hakuambii jina la gari bila kukutajia kwanza kwamba ilichukua Safari Rally 1975 na tena 1978, ingawa ile ya 78 ilikuwa kupe, ile ya milango miwili, ya V6 na si saluni kama yake, lakini ukimwambia hilo anageuza maneno. Tulikulia mle ndani. Halafu hedi gasketi ikaenda, maji yakaingia kwenye oil, macho ya ami nayo yakaanza kufifia, gari ikakaa chini ya mkungu huko Shela, Malindi, miaka sita. Wanaoishi karibu na bahari wanajua miaka sita ya upepo wa chumvi inafanya nini kwa chuma.

Mwaka juzi dada yangu, mtoto wa ami, anakaa Nairobi, akasema anaitaka iletwe huko kuna fundi wa Peugeot mwenye mkono nazo. Mimi niko Malindi, basi kazi ikaniangukia. Kilomita kama 600, injini haiwaki, breki za nyuma zimeshika kutu, tairi nne za kuazima. Flatbedi, lori la kubeba gari nzima mgongoni, ya kutoka mlangoni mpaka Nairobi niliulizia nikaambiwa elfu 80. Nikaona hizo ni pesa za wazimu. Hapo ndipo uharibifu ulipoanzia, kabla ya ile kilomita ya kwanza.

Jirani mmoja alikuwa anashuka Mombasa na Land Cruiser pikapu, akasema mi nawavutia mpaka Mombasa, nyinyi tieni mafuta tu. Kutoka Mombasa lori za kupanda Nairobi ni nyingi, zinakuja na mzigo zinarudi tupu, bei yashuka mpaka elfu 45. Mafuta elfu 6. Hesabu ikakaa vizuri sana kichwani: 51 badala ya 80. Mke wangu aliuliza swali moja tu, "kwani hizo kilomita 120 kwa kamba, wewe ndiye utakayekaa kwa usukani?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza, na mnamjua mtu akinyamaza vile.

Fundi wa mtaani hakuwa mjinga, na hili nataka lieleweke kwa sababu watu wakisikia stori wanamrukia yeye. Cha kwanza alichosema ni sawa kabisa: gari ya kusukumwa na miguu ya nyuma haivutwi mbali bila kutoa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka nyuma. Akaingia chini na spana zake. Akakaa kule kama dakika kumi, kimya, mara nasikia, "Bwana, hii Pijo haina propela!"

Inayo. Ila 504 propela yake haionekani, iko ndani ya bomba la chuma linalotoka matakoni mwa giaboksi mpaka kwenye difu, ile iliyo kati ya tairi za nyuma, limefungwa kwa boliti huku na huku, kitu kimoja kigumu. Kwa gari nyingi za zamani, Datsun, Corolla za KE, Cortina, propela iko nje, unafungua boliti nne pale kwenye difu, unaichomoa, kazi imekwisha. Kwa 504 kuitoa ni kazi ya kushusha mgongo mzima, ekzosti iondoke, difu iachie mahali pake, bomba lirudi nyuma. Siyo kazi ya kufanywa juu ya mchanga chini ya mkungu na jeki moja. Basi fundi akatoka akajipangusa akasema, "Tia fri tu, si mbali, hakuna neno." Na mimi nikakubali mbio, kwa sababu ndilo neno nililokuwa nataka kulisikia.

Sasa hiyo fri, yaani gia liva katikati, haiko kwenye gia yoyote. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunafikiri ukitia fri giaboksi imelala. Haijalala. Tairi za nyuma zikizunguka zazungusha difu, difu yazungusha propela, propela yazungusha shafti ya juu ya giaboksi, speedi ile ile ya barabara. Fri inakata upande wa injini peke yake. Na ubaya wenyewe uko hapa: ndani ya giaboksi ya aina hii kuna shafti ya chini, imelala ndani ya oil, na hiyo ndiyo ikizunguka inarusha oil juu kote. Inazungushwa na injini kupitia klachi. Injini ikizima, shafti ya chini inasimama, na gia zilizoumana nayo kule juu pia zinasimama. Lakini shafti inayopita katikati ya gia hizo inazunguka kwa nguvu zote. Chuma ndani ya tundu la chuma, na oil iko chini imetulia kama maji ya kisima. Mwendo mfupi, pole pole, oil iliyoshikilia humo inatosha. Mwendo mrefu na mbio, inakauka.

Ndio maana wazee wa magari walikuwa wakivutwa mbali wanawasha injini iungurume kidogo kidogo, iko fri na klachi haijakanyagwa, shafti ya chini inazunguka inarusha oil. Dawa nzuri, ila yataka injini nzima, na yetu ilikuwa na maji tumboni. Automatiki ndiyo mbaya zaidi, kule pampu ya oil kwa nyingi yao inaendeshwa na injini, injini ikizima hakuna presha kabisa, ndani zinasagana kavu. Kwa hiyo ukiwa na automatiki usijifariji na N, ndiyo fri yake.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maandalizi mengine tulifanya vizuri, nisijitukane sana. Kamba ilifungwa kwenye kipete cha chini na si kwenye bampa. Tulitia betri ili taa za breki na indiketa zifanye kazi, na funguo ikawa imewashwa kwa sababu ukiitoa usukani unajifunga, na fundi akachomoa waya wa koili manake gari ya platini ukiacha funguo wazi saa mbili koili inaungua bure. Laifuseva, ile pembetatu ya onyo, nyuma. Breki nilizijaribu: bila injini ule msaada wa upepo haupo, pedali ni kama kukanyaga jiwe, lakini kwa mguu wa nguvu ilikuwa yashika. Kitu ambacho hakuna aliyegusa ni kizibo cha oil ya giaboksi. Kukifungua ni dakika tano.

Kamba nayo, kwa asiyewahi kukaa huku nyuma, ni mateso. Unaangalia tako la gari ya mbele tu, hujui tuta linakuja lini, kazi yako ni kuhakikisha kamba haijalegea, ikilegea halafu ikavutwa ghafla unasikia gari nzima inalia. Tulikubaliana 50, mwisho 60. Gede tukapita hivyo. Tukaingia kile kipande kilichonyooka kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, barabara tupu, asubuhi ya baridi, jirani akajisahau au alikuwa na haraka zake, nilipotupa macho kwenye spidomita mshale ulikuwa umepita 80. Na hapo fikiria: spidomita yenyewe inasoma kutoka kwenye giaboksi. Ilikuwa inaniambia usoni kabisa kwamba mle ndani kunazunguka, nami sikusikia. Nikapiga honi, haikulia. Nikawasha taa, kweupe, hakuona.

Baada ya Matsangoni harufu. Kama oil iliyomwagika kwenye jiko. Nikadhani ni ya Land Cruiser, dizeli kuukuu. Darajani Kilifi tulipunguza, harufu ikapotea, nikajisifu kwamba sikuwasumbua watu kwa jambo la bure. Huko mbele kukaanza mlio, mwembamba, wa kupanda na kushuka na speedi, kama mtu anayepiga mluzi kwa meno. Hapa ilibaki nafasi ya mwisho ya kuokoa kitu. Ningekanyaga breki kwa nguvu jirani angehisi, tungesimama, ningetia mkono chini ya giaboksi. Kipimo cha mkono ni rahisi: ukiweza kuuacha mkono pale, endelea; ukiutoa mbio, umeshachelewa au unakaribia. Sikusimama. Sababu ni kwamba tulikuwa tumeshapita nusu ya njia na ukishapita nusu ya njia unakuwa mtu mwingine.

Karibu na Vipingo, kwenye mashamba ya makonge, taa nyekundu ya oil kwenye dashibodi, ile iliyokuwa inawaka tangu Malindi kwa sababu injini imezima, ikazimika. Nikaitazama nikasema eh, balbu imekufa. Sekunde hiyo hiyo gari ikanishika kama mtu amekushika kola kwa nyuma, tairi za nyuma zikalia kwenye lami, kamba ikakatika kwa mlio wa bunduki, na mguu wangu wa kushoto wenyewe, bila kuniuliza, ukakanyaga klachi. Gari ikaachia. Ikateremka yenyewe taratibu mpaka kando.

Hiyo taa ndiyo iliyonipa jibu lote baadaye, ingawa siku ile nilikaa tu kwenye nyasi nikitetemeka. Taa ya oil huzimika injini ikizunguka na presha ikapanda. Injini ilizunguka kwa sababu gia moja ilijishika kwenye shafti yake, joto limeigandisha, na giaboksi iliyokuwa fri ikawa si fri tena, ikawa iko ndani ya gia bila mtu kuitia. Tairi zikaanza kuisukuma injini iliyolala miaka sita. Ukikanyaga klachi unaikata injini, gari inaachia. Ukiachia klachi, inashika tena. Tulijaribu pale pale kwa kusukuma kwa mikono, gia liva iko fri inacheza huku na huku, na gari imeganda, ukikanyaga klachi inakwenda. Kwa hiyo kama umewahi kuvuta gari na ikakufanyia hivi, huna haja ya kufungua kitu, tatizo limo kwenye giaboksi na si difu wala beringi ya mguu. Ingekuwa difu, klachi isingesaidia kitu.

Jirani alitaka tuendelee, mimi nishikilie klachi mpaka Mtwapa. Nilikataa, na hilo ndilo jambo la busara nililofanya siku nzima. Tukaita brekidauni. Kijana wa kwanza aliyefika alikuja na gari ya kunyanyua, akateremsha chuma chake akaelekea mbele ya 504 moja kwa moja, anataka kunyanyua pua. Sikumlaumu. Gari anazonyanyua kutwa kucha ni Vitz na Probox na Fielder, karibu zote zinavutwa na miguu ya mbele, kwa hiyo ukinyanyua pua umenyanyua miguu yenye kazi na ya nyuma inafuata kama mkokoteni. Kwa gari ya nyuma ni kinyume: kunyanyua pua ni kuacha miguu yenye kazi chini, yaani ni kamba ile ile yetu ila kwa bei kubwa zaidi. Akasema basi ageuze anyanyue tako. Hilo lafaa kwa mwendo mfupi, lakini miguu ya mbele ikiwa chini na gari inakwenda kinyumenyume inataka kuyumba, usukani lazima ufungwe kwa mkanda kabisa na si kuachiwa ile loki ya funguo, na mwendo uwe wa pole sana. Kilomita karibu 40 mpaka Mombasa, na kwenye ule ujenzi wa barabara na foleni ya Mtwapa, nikasema hapana, niletee flatbedi. Elfu 12.

Mombasa tulipata lori la kurudi tupu, na hapa kuna jambo dogo lililotaka kutukwamisha. Wa kwanza alikuwa na Canter ya futi 14, bei nzuri kidogo. Futi 14 ni mita 4 na sentimita 27 hivi. 504 ina urefu wa mita 4.49. Mwenye Canter akasema tutaacha mlango wa nyuma wazi, tako litokeze kidogo, wote wanafanya hivyo. Mwezi mmoja kabla yake ningekubali. Nikachukua refu zaidi, elfu 45 kama tulivyopiga bei mwanzo. Tuliipandisha kwenye gema la udongo kwa kusukuma, klachi imekanyagwa muda wote. Tukaifunga kwa mikanda juu ya tairi zenyewe, nne, na magogo mbele na nyuma ya kila tairi. Hatukuifunga mwilini, manake ukifunga bodi springi zinacheza njia nzima na mikanda inalegea yenyewe, na kwa gari ya kutu ya pwani hujui chuma unachofungia ni chuma au ni rangi imesimama peke yake. Dereva alikaza tena mikanda Mariakani na tena Voi. Ilifika bila mkwaruzo.

Fundi wa Nairobi alipofungua giaboksi alinitumia picha. Gia ya tatu imeshikana na shafti, tundu limegeuka rangi ya buluu kama kisu kilichotiwa motoni. Na oil iliyotoka mle, iliingia kwenye glasi ya chai na haikujaa. Giaboksi hiyo hunywa lita moja na kidogo, na ni oil ya injini, si ile nzito ya difu ambayo watu hutia kwa mazoea.

Kwa hiyo ni nini kilichoiua? Hapa mimi na fundi wa Nairobi hatukubaliani mpaka leo. Yeye anasema oil, ingekuwa imejaa ingefika Mombasa bila neno, ameona nyingi zimevutwa mbali zaidi. Mi nasema speedi. Kwa 50, hata na hiyo glasi ya chai, pengine ingepita Vipingo na tukapata muda wa kuhisi joto; kwa 80 na zaidi, hata lita nzima iliyotulia chini haimsaidii aliye juu. Nadhani ukweli ni kwamba kila moja peke yake tungeponea, zilikutana. Ila kati ya hizo mbili, ya oil ndiyo inayoniuma, kwa sababu ya kilichotokea nilipokwenda kumweleza ami.

Nilimkuta barazani na bakora yake. Nikamweleza yote, makonge, taa, kamba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mliitia oil ya giaboksi?" Nikasema hapana. "Hiyo sili yake ya nyuma yavuja tangu watoto wangu wako shule. Kila mwezi mimi nilikuwa naitilia kikombe. Mbona hamkuniuliza?" Hakukuwa na jibu. Tulikuwa tumeizungumza gari yake wiki mbili, kwenye ua wake, chini ya mkungu wake, yeye amekaa hatua kumi kutoka hapo, na hakuna aliyekwenda kumuuliza kitu kwa sababu haoni vizuri, kana kwamba sili inavuja machoni.

Giaboksi nyingine ilipatikana Grogan, kule kwa wauza spea Nairobi, baada ya kutafutwa wiki tatu, elfu 40. Jumlisheni: 6 na 12 na 45 na 40. Mia na tatu. Ile flatbedi ya wazimu ilikuwa 80.

Miezi mitatu iliyopita jirani wa upande wa pili alikuwa na Datsun 1200 pikapu ya kupeleka Mokowe, kule ng'ambo ya Lamu, injini imetolewa, kuna mtu atakayetia nyingine. Flatbedi hakupata, kulikuwa na Hilux na toubaa ya chuma, fimbo ya kuvutia badala ya kamba. Mara hii propela iko nje. Ami alipelekwa mpaka pale akakaa kwenye kiti anatoa amri. Kwanza alama ya rangi kwenye flenji na kwenye difu, ili ikirudi irudi vile vile isije ikatetemeka. Boliti nne zikaingia kopo la Blue Band na kopo likawekwa kwenye Hilux, si kwenye Datsun. Propela ikachomolewa, tako la giaboksi likazibwa kwa plastiki na kipande cha blada kimekazwa, manake ukichomoa oil yafuata nje. Difu ikatiliwa oil mpaka ikafurika tunduni, kwa sababu difu bado itazunguka, ila yenyewe haina shida, krauni yake, ile gia kubwa ya ndani, imelala ndani ya oil na tairi ndizo zinazoizungusha, inajirushia mwenyewe. Dakika ishirini na tano kazi yote. Akauliza mara mbili kama oil ya difu imefurika, na mara ya pili akataka kutia kidole mwenyewe.

Walikwenda 60. Garsen dereva alisimama kunywa chai, akanipigia simu kabla hata ya kuagiza. Difu vuguvugu tu, akasema, na mkono umekaa.